Leo Anga Halifai

Jioni za Jumamosi, jua likianza kulegea, simu ya fundi friji ilikuwa haipumui. Na hakuna aliyempigia kwa ajili ya friji.

"Vipi leo, Bwana Anga? Tutoke au tulale?"

Yeye hakuwa mtu wa kujibu papo hapo. Aliwaambia wasubiri, akatoka uani na fulana yake ya ndani, mkono mmoja kiunoni, akainua uso. Alitazama moshi wa kiwanda cha mikate, kama unapanda wima au unavunjika kiuno njiani. Alipitisha kiganja juu ya boneti ya gari la jirani kupima unyevu. Alitafuta Kilimia, kile kifungu cha nyota zilizobanana, akahesabu ni ngapi zinazoonekana kwa macho matupu. Ndipo alipopiga simu. Akisema "twendeni", watu walipakia darubini zao wakatoka nje ya mji kwenye giza. Akisema "leo anga halifai", hakuna aliyebisha, hata kama juu hapakuwa na wingu hata la dawa.

Chama chao kilikuwa cha watu wa kawaida tu: nesi wa zahanati, mwalimu mstaafu wa hesabu, dereva wa lori la maji, na wengine waliokuja na kupotea. Darubini kubwa ilikuwa ya Bwana Anga, lakini walichomheshimia zaidi ni neno lake. Walisema ana jicho.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Fundi, basi, bila nyongeza. Mumewe ndiye aliyelazimika kuitwa fundi friji kwa urefu, kwa kuwa jina fupi lilikuwa limeshapata mwenyewe. Chumba chake cha kushonea kilikuwa na dirisha la uani, kwa hiyo kila mhadhara aliotoa mumewe kwa simu ulimfikia yeye kwanza.

"Msichanganye mambo," Bwana Anga alipenda kuwaambia wageni wa chama. "Anga safi ni kitu kimoja, hewa tulivu ni kitu kingine. Mvua ikiisha, anga linakuwa safi, nyota zinajaa kama zimemwagwa, lakini zitazame: zote zinakonyeza. Hewa ya juu inakimbia. Jioni kama hiyo tafuta vitu hafifu vya mbali. Ukilenga sayari utaiona inachemka kama sarafu chini ya maji ya mfereji. Lakini jioni yenye kiukungu chembamba, joto, hakuna upepo, nyota zimetulia kama zimepigiliwa misumari, hiyo ndiyo jioni ya sayari. Hapo Zohali utaiona pete zake kama imechorwa kwa penseli."

Akiendelea, aliwaonya wasilenge juu ya mabati yaliyoshinda juani, maana yanatema joto hadi jioni. Aliwakumbusha waitoe darubini nje mapema ili kioo kipoe. Mwezi, alisema, unazamisha vitu hafifu, lakini sayari haijali mwezi hata kidogo.

Fundi aliyasikia hayo yote mguu ukiwa kwenye pedeli, yakamwingia bila yeye kutaka, kama mtu anavyojikuta anaujua wimbo wa redio ya jirani. Kutazama kwenyewe hakukuwa kazi yake. Mara ngapi mumewe alimpigia kelele kutoka uani, "Mama, njoo uone, Zohali leo imekaa!" naye akajibu bila kuinua kichwa:

"Niache nimalizie pindo hili. Kwani inahama?"

Mwezi alikuwa ameuona mara moja mbili, akasema unafanana na ukuta uliopigwa lipu na fundi mlevi. Pete za Zohali aliziweka kiporo. Sare za shule zilikuwa na tarehe. Zohali haikuwa na tarehe.

Kilichomshtua kwanza ni fremu ya mlango. Aliipiga bega asubuhi moja akiingia chumbani kwake, mlango uleule aliopita tangu wahamie nyumba hiyo. Akaona ni haraka zake. Halafu akaanza kupiga teke ndoo na viti vilivyokaa mahali pake. Siku moja mteja akamsemesha kutoka ubavuni, Fundi akaruka nusura ajichome sindano.

"Umetokea wapi wewe?"

"Nimesimama hapa muda wote, Fundi. Nimekusalimia mara mbili."

Wakacheka. Lakini mteja alipoondoka, Fundi alikaa akigeuza kichwa polepole, huku na huku. Mbele yake aliona vizuri kabisa, hata uzi aliutunga kwa mara moja. Pembeni ndiko kulikoliwa. Vitu havikuwa vyeusi, havikuwepo tu.

Daktari wa macho alikuwa kijana mpole, mwenye sauti ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Alimwambia ni presha ya macho. La kushoto limeshachoka, hakuna cha kuokoa. La kulia limebaki na dirisha katikati. Matone asubuhi na jioni, asikose, na watajaribu kulishikilia. Kisha akamwomba mume abaki kidogo aelekezwe namna ya kumtilia matone.

Fundi alingoja kwenye benchi la korido. Mlango ulikaa umefungwa muda mrefu kuliko matone yanavyohitaji. Mumewe alipotoka, uso wake ulikuwa umelowa kama mtu aliyetoka kunawa.

"Amesema nini?"

"Matone, Mama. Amesema tusikose matone."

Walirudi kwa miguu, yeye amemshika mumewe mkono, jambo ambalo hawakulifanya barabarani tangu ujana. Karibu na nyumbani akasema:

"Nataka kuiona Zohali."

"Nini?"

"Zohali yako hiyo yenye pete. Miaka yote unanipigia kelele nayo. Sasa naitaka."

Bwana Anga akambana vidole. "Utaiona. Na msimu wake ndio huu, inapanda mapema tu jua likizama. Ngoja anga likae sawa."

Wiki hiyohiyo alimtolea darubini uani, lakini akalenga mwezi kwanza. Alisema mwezi ni mkubwa, ni rahisi, autumie kujifunzia. Fundi akainama, akasogeza jicho la kulia kwenye kile kitundu cha kutazamia. Ilikuwa kama kutafuta tundu la sindano kwa uzi uliochakaa: jicho lenye kidirisha, na kitundu cha lenzi, na viwili hivyo vinataka vikutane sawasawa.

"Mbona giza tupu?"

"Sogea kushoto. Kidogo. Umepita."

"Giza."

Akamshika kichwa, akamrekebisha. Mara kikapita kipande cheupe, kikatoweka. Fundi akacheka kwa sauti. "Na mwezi nao unanikimbia! Ngoja, nishike vizuri." Alikuwa na uhakika kwamba atajifunza. Hata cherehani yake ya sasa ilipokuja ilimsumbua siku nyingi, uzi unakatika, bobini inakwama, hadi mkono ukaizoea.

Lakini mumewe hakucheka. Alisema umande umeshuka, kioo kimeshika ukungu, akafunika darubini blanketi lake na kuirudisha stoo. Kisha akaingia bafuni. Bomba likasikika linatiririka, likatiririka, bila sauti ya mtu anayeoga.

Baada ya hapo Fundi akaanza kupigwa kalenda.

Leo kuna upepo wa juu. Leo wamechoma taka ng'ambo, moshi umetanda. Leo mabati ya jirani bado ya moto, Zohali iko palepale juu yake. Leo umande. Kila jioni alitiliwa matone kwa mkono mwepesi, wenye upendo, kisha akaambiwa habari za anga. Naye akaamini. Angebishaje? Mwalimu mzima wa hesabu alilala au alitoka kwa neno la mtu huyu.

Binti yao, aliyeolewa mji mwingine, alipiga simu kila Jumapili.

"Mama, umeshaiona?"

"Bado. Baba yako anasema anga halifai."

"Kila siku?"

"Kila siku, mwanangu."

"Anga la huko kwenu lina ugomvi gani na watu?"

Wakacheka, wakahamia mambo mengine.

Kazi nayo ikaanza kumtoka mkononi. Aliacha kwanza uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Akaacha sare, maana mistari ya mifuko ilikuwa inakwenda upogo na wazazi walikuwa na adabu mno hata wasimwambie. Akabaki na vifungo na pindo za shuka, vitu ambavyo vidole vinaweza bila kulisumbua jicho, bosi wao. Kidirisha cha jicho kilikuwa kinafungwa. Kilichokuwa dirisha kikawa tundu la ufunguo. Hakumwambia mumewe jinsi kinavyofungwa haraka. Alidhani anamhurumia.

Jioni moja, baada ya matone, alikaa kwenye ngazi ya mlango wa uani. Joto lilikuwa limelala juu ya mtaa, hakuna jani lililotikisika. Harufu ya mikate haikuja upande wowote, ilikuwepo tu. Alijua moshi unapanda wima hata kabla ya kuutafuta. Akainua kichwa akakizungusha taratibu, kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa kurunzi yenye betri dhaifu, hadi kwenye lile tundu la ufunguo ikaingia nyota moja. Ilikuwa na rangi ya siagi, na kando yake palikuwa na kiukungu chembamba. Akaikazia. Alingoja ikonyeze. Haikukonyeza. Ilikaa kama kifungo kilichoshonwa na mtu anayejua kushona.

Akageukia ndani.

"Baba! Baba, njoo huku upesi!"

Mumewe akatoka na mkoba wake wa kazi, bisibisi zikigongana ndani.

"Hewa imelala," Fundi alisema. "Itazame ile pale. Si ndiyo yenyewe? Imetulia tuli. Ni leo, Baba. Leo ndiyo leo."

Bwana Anga aliinua uso akatazama. Alitazama muda mrefu, na Fundi, ambaye hakuweza kumwona akiwa ubavuni, alisikia jinsi anavyopumua.

"Hapana, Mama. Kuna ukungu."

"Si wewe unayesema ukungu mwembamba ndio—"

"Huu ni mbaya. Na mwezi unapanda, utaharibu kila kitu."

"Mwezi na Zohali wapi na wapi?"

Bwana Anga alihamisha mkoba kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Friji la bucha limekufa, nyama ya watu itaoza. Wacha nikimbie. Tutaona kesho."

Geti likalia. Fundi akabaki kwenye ngazi. Akaitafuta tena ile nyota, akaipata, haijasogea, haijatikisika. Akasimama, akapapasa ukuta hadi stoo, akafungua. Alijua pembe ambayo darubini husimama. Alinyoosha mikono akitegemea blanketi na bomba nene chini yake. Mikono ikapita hewani hadi ukutani. Akainama. Blanketi lilikuwa sakafuni, limekunjwa vizuri mara nne, kazi ya mtu asiye na haraka.

Mumewe aliporudi, Fundi alikuwa bado yuko macho, ameketi kitandani.

"Friji limepona?"

"Limepona. Ilikuwa kompresa."

"Afadhali," alisema Fundi, akajilaza akiwa amemgeuzia mgongo.

Kesho yake alikwenda zahanati kuchukua matone, akiongozana na msichana wa jirani. Nesi alimpokea kwa shangwe zake za kila siku. Alikuwa mwanamke wa mwili na kicheko, wa kwanza kufika kwenye kila safari ya chama.

"Dada Fundi! Jana umekosa mambo! Shemeji akasema umelala. Zohali ilikaa kama picha ya ukutani, hata ule mwanya mweusi kwenye pete tumeuona, mwalimu nusura alie. Jamani, msimu huu tumebarikiwa. Na Jumamosi iliyopita vilevile, na ile ya kabla yake. Mimi kila siku namwambia shemeji, mlete Fundi, anasema mwanga unakuumiza macho."

Fundi aliuliza kwa sauti ya kawaida, "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Mnaiona vizuri hivyo tangu lini?"

Hapo kicheko cha Nesi kikakatika. Alimtazama Fundi, kisha msichana wa jirani, kisha sakafu. "Tangu... msimu uanze, dada," akasema. "Mbona, hakukwambia?"

Bwana Anga alikuwa uani, friji la mtu limelazwa kifudifudi mbele yake kama mgonjwa. Fundi alimwambia msichana asante, nenda nyumbani. Akafuata sauti ya bisibisi.

"Jana anga lilikuwaje?"

"Nilikwambia, Mama. Halikufaa."

"Nesi anasema lilikuwa kama picha ya ukutani."

Bisibisi ikasimama.

"Daktari alikwambia nini siku ile nikiwa koridoni?"

"Mama..."

"Nimekuuliza."

"Alisema la kulia linaweza kuondoka wakati wowote." Alikuwa anaongea chini chini, kama yule daktari. "Alisema kama kuna kitu unapenda kukiona, uonyeshwe mapema."

"Mapema."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulijua. Kila jioni unanitilia matone, unanifuta mashavu, unajua."

"Siku ile ya mwezi ndiyo ilinimaliza," alisema mumewe. "Ulipoinama ukasema giza tupu. Nikasema, akiikosa na Zohali, ndiyo basi, atajua macho yamekwisha. Lakini anga likiwa baya, ni anga tu. Hakuna aliyekosa kitu. Kesho litakuwa zuri. Nilitaka ubaki na matumaini, Mama. Wallahi sikuwa na nia nyingine."

"Mimi nilikuwa naona!" Sauti yake ilimtoka kwa kishindo hata yeye mwenyewe akashangaa. "Siku ile niliona kipande cheupe. Nilikwambia ngoja nishike vizuri, ukaniambia umande. Ningejifunza! Ungenishika kichwa, ungenisubiri, ungenisubiri hata usiku kucha. Na kama ningekosa, ningekosa mimi, kwa jicho langu. Nani alikwambia siwezi kukosa kitu nikaishi?"

"Nisamehe."

"Na wale wengine ukawaonyesha."

"Nisamehe, mke wangu."

"Hata ungekaa nyumbani basi, ukanidanganya ukiwa umekaa na mimi. Unanifungia geti, unakwenda kuitazama."

Bwana Anga alikuwa analia. Fundi alikisikia kilio, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka, ulitaka kwenda kwenye kichwa cha mtu huyo. Akaufunga kwenye kanga.

"Nikuandalie leo," mumewe alisema. "Leo hiihii, Mama. Darubini naitoa sasa hivi."

"Leo kuna mawingu," Fundi alijibu. "Hata mimi nasikia harufu ya mvua."

Na mvua ilinyesha. Ilinyesha kama iliyotumwa. Wiki nzima, na nyingine, na nyingine. Safari hii anga lilikuwa limefunga kweli, mawingu mazito kama magodoro, na Bwana Anga alisimama uani kila jioni na mwavuli, akiinua uso huku maji yanamtiririka shingoni, akarudi ndani akasema ukweli mtupu:

"Leo anga halifai."

Fundi alichukua simu mbele yake akampigia Nesi. "Eti kwenu kuna mawingu?" Nesi akisema yapo, ndipo aliposhukuru na kukata. Hata mvua ikiwa inapiga bati kiasi cha kuzuia maongezi, alipiga. Mumewe alikaa kitini akimsikiliza akipiga. Hakuwahi kumwambia aache.

Mawingu yalipokuja kupasuka, msimu wa Zohali ulikuwa unaaga. Jua likizama, nayo tayari ilikuwa imeinama magharibi, inalifuata. Nesi alituma gari la dereva wa lori kuja kumchukua Fundi peke yake. Hivyo ndivyo Fundi alivyotaka. Nesi alikaa ghorofa ya tatu, na juu kulikuwa na paa la zege ambako watu walianika nguo. Kamba zilikuwa zimetolewa na darubini yake ndogo imesimamishwa ikielekea mwanya kati ya majengo mawili.

Nesi alikuwa na subira ya mtu aliyechoma sindano watoto wanaorusha mateke. Alimkalisha Fundi kwenye kiti, akamshika kichwa kwa mikono miwili kutoka nyuma, akamsogeza kidogo kidogo. Wakakosa. Wakaanza tena. Dereva alisimama kando, akisogeza darubini kila sayari ilipotoroka nje ya kitundu. Muda ukapita. Mara Fundi akasema:

"Hapo! Msinisogeze."

Nesi akaituliza mikono.

"Unaona?"

"Naona mwanga."

"Mwanga wa namna gani, dada?"

"Kama taa nyuma ya pazia." Alikaza jicho hadi likachuruzika maji. "Umesambaa. Unatetemeka. Pete ziko wapi?"

Nesi aliinama akatazama yeye, kwa haraka, akamrudishia. "Imeshuka sana leo, dada Fundi. Iko karibu na majengo, hewa inachemka. Hata mimi pete sizioni vizuri, zimeshikana na mwili wake."

"Ni kweli?"

"Kweli kabisa."

"Ni anga, au ni jicho langu?"

"Ni anga, dada."

Fundi aliutoa uso kwenye darubini. Alimgeukia Nesi, akajaribu kumweka katika lile tundu la ufunguo, apate kumwona midomo anaposema. Aliona kipande cha sikio na hereni. Basi. Kama Nesi alisema kweli, hakuwa na njia ya kujua, na kama alimhurumia, vilevile hakuwa na njia. Siku za nyuma angeliamini neno la mtu aliyemshika kichwa kwa upole namna ile.

"Haya," alisema. "Nirudisheni nyumbani."

Zohali ilipoibuka tena upande wa pili, alfajiri, wiki nyingi baadaye, jicho la kulia lilikuwa limeshafuata la kushoto. Lilikwenda bila kishindo. Aliamka asubuhi moja akauliza mbona hakujakucha.

Nesi hakuficha kilichotokea. Kwenye chama habari zilizunguka. Hakuna aliyemtukana Bwana Anga wala kumfukuza. Ila Jumamosi jioni simu yake sasa ilipumua. Wakitaka kujua habari za anga, walimpigia dereva wa lori, ambaye mara nyingi alikosea, wakatoka wakarudi wamelowa, na bado wakampigia yeye. Darubini kubwa ilibaki stoo.

Nyumbani Bwana Anga aligeuka mtu wa kutumwa bila kutumwa. Alipika, akafua, akapiga pasi. Alijifunza kutunga uzi kwenye sindano za vifungo, akazipanga kwenye kipande cha godoro ili mkewe azipate kwa kupapasa. Na kwa kuwa alikuwa ndiye macho ya nyumba, alimweleza kila kitu: chai imepoa kidogo, kanga uliyovaa ni ile ya njano, jirani amepaka geti rangi ya buluu. Fundi alisikiliza yote. Chai aliigusa kwa kidole kwanza. Kuhusu kanga na geti alimuuliza msichana wa jirani, baadaye, kana kwamba ni maongezi tu.

Kuna jioni moja mumewe alianza, kwa sauti ya kubembeleza, kumweleza jinsi Zohali inavyokaa kwenye lenzi hewa ikitulia, rangi yake, kivuli cha pete juu ya—

"Usinisimulie," Fundi alisema.

"Nilitaka tu upate picha..."

"Nitajuaje kama ndivyo ilivyo?"

Binti alikuja na kufunga mizigo ya mama yake bila kumuuliza. Fundi akaifungua. "Kwenu nitajigonga upya kwa kila mlango," alisema, na aliposikia mwanawe analia, akaongeza, "Na nikiondoka, baba yako atadanganya nani?" Hakuna aliyejua kama acheke. Binti alirudi kwake peke yake.

Waliendelea kuishi. Asubuhi za kliniki walitoka pamoja, mumewe amemshika kiwiko, watu wakiwapisha na kusema tazama wanavyopendana. Siku moja walisimama ukingoni mwa barabara kubwa, ile ya malori. Bwana Anga alitazama kushoto, akatazama kulia, akatazama tena.

"Twende, Mama. Barabara nyeupe."

Fundi hakuinua mguu. Aliinamisha kichwa upande.

"Hakuna gari, Mama. Haki ya Mungu, hakuna hata baiskeli."

"Nimekusikia."

Akaendelea kusikiliza. Vumbi lilinuka, jua lilimpiga usoni, mkono wa mumewe ulikuwa unatoka jasho kwenye kiwiko chake. Wakakaa hivyo, watu wakiwapita nyuma. Hatimaye mwanamke fulani mwenye viatu vya kisigino alisimama karibu nao, akasubiri kidogo, akashuka barabarani, ko-ko-ko, bila haraka. Hapo ndipo Fundi naye alipoteremsha mguu, akavuka akifuata vile viatu, na mumewe akamfuata nyuma.